"Tumesikia" si "Tumekubali": Lugha ya Wazee na Sikio la Mtumishi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kijana niliyetumwa na Chama kuandika kumbukumbu za mkutano, nilikaa chini ya mkungu katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini, kalamu mkononi na daftari juu ya goti. Jambo lililotupeleka huko lilikuwa jema, nalo ni kulitafutia pahala banda jipya la mnada wa samaki. Maofisa walikuwa na ramani, na pahala walipopachagua palikuwa peupe, pana njia ya gari na mandhari ya kupendeza. Mkuu wa msafara alieleza kwa muda wa saa nzima, kisha akauliza kama wananchi wana la kusema.

Mzee mmoja alikohoa kidogo. Akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaishukuru Serikali, akawashukuru wageni kwa kutoka mbali na kuja kuwatazama. Kisha akasema: "Tumesikia, waheshimiwa. Pahala pazuri, na upepo wake hauna mpinzani. Kusi likiingia, inshallah, mrudi mje mle samaki pamoja nasi." Wazee wenzake wakainamisha vichwa. Mmoja alitabasamu akitazama baharini. Hapana aliyepiga makofi. Mimi nikaandika: "Wananchi wameafiki kwa kauli moja."

Banda likajengwa. Msimu wote wa kaskazi lilifanya kazi, na sote tulilitaja kwa fahari. Kusi lilipoingia, pahala pale pakawa hapakaliki. Mawimbi yalipiga ufukweni mfululizo, na ngalawa iliyojaribu kufika ilirudi na tanga lililochanika. Wavuvi wakarejea katika diko lao la zamani, ndani ya kighuba kilichokingwa na mwamba, wakauza samaki juu ya mchanga kama walivyofanya baba zao. Nilipopita huko mwezi wa Julai niliwakuta mbuzi wamelala kivulini mwa banda letu.

Nikamwendea yule mzee, nikamwamkia, nikamuuliza: "Mzee wangu, mbona hamkutwambia?" Alinitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira, akasema: "Tulikwambieni, mwanangu. Upepo niliutaja mimi mwenyewe, na kusi nikalitaja. Wewe uliandika nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Maneno haya ya leo ni jibu nililochelewa kulitoa, nami nalielekeza kwa watumishi wenzangu wa umma na wa Chama, na kwa kila kijana wa visiwa hivi anayedhani kwamba wazee wetu huzungukazunguka kwa sababu hawajui wanachotaka. Wanajua. Tatizo ni kwamba sisi tumeacha kuijua lugha wanayoisema, ijapokuwa maneno yake yote tunayafahamu.

Lugha hiyo ina kanuni zake. Katika malezi ya visiwani, neno la kukataa halikutupwa usoni mwa mgeni. Mgeni hukirimiwa, na kumwambia "hatutaki" mbele ya kadamnasi ni sawa na kumvua nguo. Basi wazee walilivisha nguo lile neno la kukataa, wakalitoa likiwa limesitirika, na aliyelelewa vyema alilitambua kwa mwendo wake tu. Tulipokuwa chuoni, kabla ya kuingia skuli ya Serikali, tulifundishwa kwamba mja aseme lenye kheri au anyamaze. Wazee wetu waliongeza njia ya tatu, ambayo ni kusema lenye uzito kwa namna itakayomwachia anayeambiwa heshima yake. Wahenga nao walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mzee anapomfumbia ofisa, kwa hakika amemfanyia hisani ya kumdhania kuwa ni mwerevu. Masikini ofisa!

Tuchukue maneno machache ambayo kila mtumishi aliyewahi kuitisha mkutano ameyasikia. "Tumesikia" maana yake ni kwamba sauti imefika masikioni. Haisemi kwamba imefika moyoni. Aliyekubali huuliza mara moja: lini, wapi, na nani atashika nini? "Nyinyi ndio mnaojua" si sifa hata kidogo. Huo ni mnawo wa mikono, na maana yake ni kwamba likiharibika tusije tukatajwa. "Nyinyi ni watoto wetu" ni ukumbusho kwamba cheo kimekuja juzi na ukoo ulikuwapo jana. Na "kheri", ikitamkwa peke yake huku mzee akijinyoosha ainuke, ni kufunga mlango taratibu.

Ama "inshallah", hilo limedhulumiwa kuliko yote. Qurani imetufunza, katika Sura ya Al-Kahf, tusiseme juu ya jambo kwamba tutalifanya kesho bila ya kuliegemeza kwenye mapenzi ya Mungu. Kwa hiyo neno lenyewe ni la ibada na la ukweli. Lakini sikio la mkaazi wa visiwani hutenganisha inshallah na inshallah. Mzee akisema, "Inshallah Jumatatu baada ya alfajiri nitakuwa hapo," jua kwamba atakuwa hapo, na pengine atakusubiri wewe. Akisema "Inshallah" peke yake, kwa kuivuta, bila ya siku wala saa, amekukatalia kwa adabu. Na akiisema huku akishusha pumzi, basi amekwisha kukata tamaa na wewe, na jambo lake amelikabidhi kwa Mwenye uwezo zaidi ya ofisi yako. Katika daftari la kumbukumbu zote tatu huandikwa namna moja.

Hali ni hiyo hiyo katika maamkizi. Kijana aliyesoma huona kwamba kusabahiana kwa wazee ni kupoteza wakati: hujambo, sijambo, habari za nyumbani, njema, watoto, hawajambo, na shamba je? Walakini habari yenyewe haikai katika jibu la kwanza. "Sijambo" ni kumhimidi Mungu kwanza. Maradhi hujitokeza katika swali la tatu au la nne, kwa sauti iliyoteremka: "Tunashukuru, ila maungo hayanitii." Mhudumu wa afya aliyemkatiza bibi kizee kwenye "sijambo" amemkatiza kabla hajafika kwenye ugonjwa, kisha akatoka akisema bibi yule hana kitu. Mkutano unaoanza kwa kuruka maamkizi huwa umeruka ripoti ya hali ya kijiji, na ripoti hiyo hutolewa bure.

Kina mama nao wana gazeti lao, ambalo huvaliwa. Msafara unapopokewa kwa safu ya kanga, ofisa huziona rangi. Kijiji kizima kinasoma majina ya kanga, na kinajua ni nani kajifunga ipi na kwa ajili ya nani. Sisemi kwamba kila jina la kanga ni risala kwa Serikali, maana mengi ni ya jirani na mke mwenza. Nasema tu kwamba anayejua kusoma barua na asijue kusoma kanga, visiwani hapa kisomo chake ni nusu.

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba wazee hawa walizaliwa na bakora mkononi na methali mdomoni. Walikuwa vijana, na walikuwa na lugha yao ya vijana iliyowaudhi wazee wa wakati wao. Kubwa kabisa ilikuwa kinyume, ambayo ni kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mwanzo. Samaki akawa kisama, mgeni akawa nimge. Mchezo huo ni wa zamani mno, kwani Edward Steere, mmishionari wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alitia humo mifano yake. Marehemu bibi yangu na shoga yake walikizungumza kinyume kwa kasi ya mvua ya masika, khasa walipokuwa na siri mbele yetu sisi watoto. Tulipojaribu kuwaiga tukaumbuka, kwa sababu nazi ikipinduliwa huwa zina, na neno hilo mbele ya mwalimu wa chuo lilikuwa na bakora zake.

Walikuwa pia na majina yao ya fedha. Thumni, ambayo ni senti hamsini, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, nalo lilisalia kutoka hesabu za kabla ya shilingi. Shilingi yenyewe ilichukua nafasi ya rupia hapa Zanzibar mwaka 1936. Shilingi tano ikaitwa dala, na neno hilo likapanda gari za abiria, halijashuka hadi leo. Karafuu ilipimwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Mchumaji akisema "leo nimepata pishi kadha," alikuwa ametaja jasho lake, ujira wake na chakula cha wanawe kwa neno moja. Usiku nyoka hakutajwa kwa jina lake bali aliitwa kamba, kwa kuogopa kwamba anayeitwa huitika. Mambo haya yana maana kwetu. Kijana wa leo mwenye misemo yake ya mitaani hakuanzisha dhambi mpya, na mzee anayemkemea aikumbuke kinyume yake mwenyewe kabla ya kuinua sauti.

Sasa tuulize, kwa nini fumbo likawa na nguvu kiasi hiki? Adabu ni sababu moja. Sababu ya pili ni historia, na historia hiyo ni chungu. Watu wa visiwa hivi waliishi karne nzima na zaidi chini ya Usultani, na tangu mwaka 1890 wakawekwa chini ya himaya ya Mwingereza. Mnyonge aliyesema waziwazi mbele ya bwana shamba au mbele ya hakimu alijua gharama yake. Akajifunza kusema bila ya kushikika. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi nyimbo kwa Kiswahili, aliitumia taarabu kutaja mambo ya watu wa kawaida, pamoja na dhulma zilizopita mahakamani. Watu walicheka, wakatuzana, na kila mwenye akili alijua nani ameguswa. Fumbo lilikuwa silaha ya asiyekuwa na silaha.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliondoa utawala ule, na wananchi wakaambiwa kwamba Serikali ni yao, waseme. Ni haki yetu kuuliza, basi, kwa nini mzee aliyeambiwa aseme miaka mingi hivyo bado anafumba. Jibu rahisi ni mazoea. Lakini kada mkweli hawezi kuishia hapo. Pengine hawakuacha kufumba kwa sababu na sisi tuliwapa sababu ya kuendelea. Mwananchi aliyesema wazi mkutanoni akaitwa mpinga maendeleo, hatasema wazi tena. Atausifu upepo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe tunakuja kuusikia katika kisima kisichotekwa maji, katika banda lisilotiwa samaki, na katika kikao ambacho viti vyake vimejaa na nyoyo zake zimo njiani kurudi nyumbani.

Na tusijidai kwamba sisi hatufumbi. Ofisi ina mafumbo yake, na hayo hayana hata ladha. "Suala lenu linafanyiwa kazi." "Mchakato unaendelea." "Wadau watashirikishwa." "Njoo kesho." Mzee mmoja aliwahi kuniuliza mchakato ni mnyama gani, maana kila akifika ofisini huambiwa unaendelea na yeye hajauona ukipita. Fumbo la mzee lina jibu ndani yake kwa anayelifungua. Ukilifungua la ofisi, mara nyingi unakuta ndani hamna kitu. Basi mzee na mtumishi hukaa katika baraza moja, kila mmoja akimfumbia mwenziwe, wakaagana kwa furaha na kazi ikaharibika.

Hata hivyo sitaki nieleweke kuwa kila la kale ni dhahabu. Usiri uliosaidia kuhifadhi heshima umesaidia pia kuficha maovu. Mtoto anapodhalilishwa, na wakubwa wakasema "mambo ya nyumba hayatoki nje," hapo sitara imekuwa pazia la mkosaji. Mwanamke anayepigwa kisha akafundishwa kusema "nimeanguka" amefundishwa fumbo ambalo Mungu hakulipenda. Katika mambo ya namna hii neno liwe wazi, litajwe kwa jina lake, lifike kwa sheha, lifike polisi na mahakamani. Wazee wenyewe wanajua tofauti hii, kwani walisema lila na fila hazitangamani. Fumbo ni la kushauriana na kuonyana. Halikuwekwa ili kumfunika mwenye jinai.

Lililobaki ni kusema tufanye nini, maana gazeti likilalamika tu halizidi kuwa kanga ya karatasi.

Kwanza, mtumishi anayekwenda shamba atenge wakati wa kusabahiana, na auhesabu kuwa ni sehemu ya kazi. Asikae kwenye kiti huku wazee wamekaa chini. Akaribishwapo jamvini, akae jamvini.

Pili, abadilishe swali. "Mmekubali?" ni swali linalomfunga mzee, kwa sababu jibu lake la adabu ni moja tu. Aulize: "Ingekuwa nyinyi ndio mnajenga, mngelijenga wapi?" Au: "Hapa zamani palikuwa na nini?" Au: "Kusi likiingia huwaje?" Maswali haya hayamlazimishi mtu kumpinga mgeni, bali humpa nafasi ya kumfundisha, na hapana mzee anayekataa kufundisha.

Tatu, arudi. Neno la kweli mara nyingi halisemwi mkutanoni. Husemwa jioni, barazani, baada ya sala ya Isha, kwa mtu mmoja aliyerejea bila ya msafara. Masheha wanalijua hili, na wale wa kina mama wanalijua zaidi. Waulizwe kabla ya karatasi kutiwa saini.

Nne, na hili nalisema kwa kuwa ni kosa langu mwenyewe, muandika kumbukumbu aandike maneno yaliyosemwa. Kama mzee amesema "upepo wake hauna mpinzani," iandikwe hivyo hivyo, ndani ya alama za kunukuu, na mbele yake aandikwe kuwa hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu mwengine atakayesoma, mwenye sikio zuri kuliko la muandishi, huenda akasimama hapo na akaokoa fedha za umma.

Tano, vijana wakae na wazee hawa kabla hawajaondoka. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetoa kamusi za lahaja za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu, na kazi hiyo inastahili shukrani. Lakini kamusi huhifadhi neno, wala haiwezi kuhifadhi namna lilivyovutwa, wala jicho lilivyotazama baharini wakati likisemwa. Hayo huhifadhiwa na mtu aliyekaa karibu. Skuli zetu zingeweza kuwatuma wanafunzi kwa babu na bibi zao, kila mmoja arudi na fumbo moja na hadithi ya siku lilipotumika. Gharama yake ni daftari na penseli.

Kwa upande wa wazee wetu, nao tunawaomba jambo moja kwa unyenyekevu. Watoto wenu tumesomeshwa katika madarasa ambayo mafumbo hayafundishwi. Wengine tumelelewa mjini, na wengine tumerudi kutoka ng'ambo na masikio mazito. Mtufumbie, lakini mkiona hatukufahamu, mtuongezee neno moja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kweli. Ila kuna siku ambayo ulimi ukinyamaza kwa kuogopa kujikwaa, kijiji kizima hujikwaa.

Yule mzee wa chini ya mkungu amekwishatangulia mbele ya haki. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilimweleza kwamba tulikuwa tumefikiria kulihamishia banda kule kighubani, na nikamuuliza rai yake. Hakushukuru Serikali mara hii, wala hakuutaja upepo. Aliuliza: "Mtaanza lini? Na sisi tushike nini?"

Nikatoa daftari, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema.